Mchaichai wa Bi Zamda

Lori la Operesheni Vijiji, la kuwahamishia watu kwenye vijiji vipya, lilipofika kwa Bi Zamda mwaka 1974, alipakia godoro, sufuria, kuku wawili na gunia la mahindi. Juu yake akaongeza shina zima la mchaichai, limeng'olewa na udongo wake, limefungwa kwa khanga kuukuu. Mjane huyu alilikuta shina hilo nyuma ya nyumba ya mumewe, karibu na Isikizya, siku alipoolewa. Tangu hapo hakuwahi kunywa chai isiyo na harufu yake.

"Nyasi hizo za nini?" aliuliza Mahona, mwenyekiti wa kijiji kipya. "Huko tuendako ni pori, nyasi utazikinai."

"Hizi zinanyweka, Ndugu Mwenyekiti."

Kijiji kilikuwa upande wa Urambo, kwenye kichanga kisichoshika maji. Zamda akalipanda shina lake kando ya nyumba. Kufika Oktoba jua likawaka, mchwa wakapanda, majani yakawa rangi ya kamba.

"Dada, huo umekufa," alisema jirani yake, Apolinaria.

Zamda akachukua kisu. Aliyakata majani yote, akabakiza vishina vya urefu wa shubiri. Akazungushia majivu kuwazuia mchwa, akafunika udongo kwa maganda ya karanga, na kila asubuhi akamwagia maji aliyooshea vyombo. Mvua za kwanza zilipoanguka, akaona ncha za kijani. Alichuchumaa pale akicheka peke yake kama mwali.

Masika yalipokwisha, shina lilikuwa limenenepa kama tenga. Alilipasua, kila chipukizi na mizizi yake, akapata miche arobaini na moja, akaipanda kuuzunguka ua wake wote.

Mwaka uliofuata majani ya chai yaliadimika. Asubuhi moja Mahona akaja mbio.

"Shikamoo, mama."

Hakuwahi kumwamkia hivyo. "Marahaba. Kuna nini?"

"Wageni wa wilaya wako ofisini na dukani hakuna hata chembe ya chai. Nisitiri, mama yangu."

Zamda alichemsha birika kubwa la mchaichai, akatia asali ya porini. Wageni walikunywa, wakaongeza, wakaongeza tena.

"Nani kapanda hii?" aliuliza mmoja wao, bwana shamba wa wilaya.

Mahona akakohoa. Zamda akajibu kutoka mlangoni: "Mimi."

"Unaweza kuwafundisha wengine?"

"Nipeni kile kipande cha ardhi kando ya kisima, mimi na wanawake wenzangu. Mtaona."

Walipewa. Apolinaria ndiye aliyeanzisha wimbo siku ya kulima, na kabla ya mwaka kuisha hapakuwa na nyumba isiyo na shina lake.

Kwenye maonyesho ya Sabasaba yaliyofuata, mjini Tabora, watu walipanga foleni kwenye banda la kijiji, Zamda akimimina, Mahona akichota maji. Mchana kipaza sauti kikatangaza mshindi wa kwanza wa mazao ya bustani: Zamda binti Mfaume.

Aliweka birika chini, akajifunga khanga upya, akatembea katikati ya vigelegele, polepole, ili kila mtu amwone.