Shimo la Mdogo Wangu

Mimi hakuna kitu kingeweza kunishangaza. Shule niliiacha darasa la pili, nikatoka Shinyanga kwa miguu na ngozi mbili za mbuzi begani, na vita vilipokwisha nilikuwa na duka lenye paa la bati na hoteli ya chai kwenye njia ya mgodi, huku Geita. Wazungu wamekunywa chai yangu, wezi wamekunywa, wote wamelipa. Basi mdogo wangu aliporudi kutoka vitani Burma na koti lake la askari, nilichinja ng'ombe, nikamweka dukani apime sukari. Nikajua nimemaliza.

Alipima vizuri kuliko mimi. Lakini kila alasiri mgodi ulipolipua baruti chini ya ardhi na vikombe vikatetemeka mezani, aliweka mizani chini, akachukua jembe, akaenda shamba la karanga la jirani, akachimba shimo la kumfika kifuani. Alikaa humo mpaka jua lipoe, kisha akarudi kwenye sukari.

"Bhebhe, wewe mdogo wangu, unachimba nini kule?"

"Sichimbi kitu, kaka. Nakaa tu."

Sasa, nchi ya dhahabu mtu hachimbi shimo akasema anakaa. Tena mdogo wa mtu kama mimi, ambaye watu wote walijua nikigusa kitu kinazaa. Wakaanza kuja na sururu zao, wengine kutoka Masumbwe, wakachimba kushoto kwake na kulia kwake. Nilisimama mbele ya hoteli nikawaambia ukweli: huyu ni mgonjwa, vita vimemwingia kichwani.

"Tajiri," mmoja akasema, "huo ugonjwa tuambukize na sisi. Tola moja tu ya dhahabu inatosha."

Wakacheka, wakaendelea.

Siku moja baruti ilipolia, kijana mmoja akarukia ndani ya shimo la mdogo wangu kuchungulia kuna nini. Tulimkuta kalaliwa, uso kwenye udongo, mkono wa mdogo wangu umemziba mdomo. Alikuwa anamnong'oneza, "Kaa kimya, watatusikia." Alikuwa anamficha. Tulimtoa kijana hana pumzi, tukammwagia maji mpaka akakohoa.

Jumbe alikuja mwenyewe.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba. Wewe nakuheshimu, chai yako nakunywa. Ila likitokea tena, huyu anafungwa kamba, anapelekwa Dodoma kwa wendawazimu. Na mimi sijaona aliyerudi kutoka kule."

Toka hapo nikawa namlinda. Mchana ukianza kugeuka, hesabu zinanipotea, nasikiliza ardhi. Nilificha jembe, akachimba kwa kibuyu cha kuchotea sukari. Nilifunga mlango, akachimba sakafu ya duka kwa kucha, zikatoka damu.

Nikaanza kuwauliza wateja wangu waliokuwa vitani. Niliwatambua, kwa kuwa hawakukaa bila kuegemea ukuta. Mimi, mtu wa kudai hata senti, nikawapa chai ya bure ili waseme. Swali langu lilikuwa moja: unalala? Wote walijibu wanalala, wakatazama kikombe. Mmoja tu, aliyebeba magogo ya kuzuia mawe mgodini, alisubiri wenzake watoke.

"Nalala chini ya kitanda, mzee. Mke wangu anafikiri nakimbia joto."

"Na mdogo wangu nimfanyeje?"

"Huko Burma kila tulipofika tulichimba kwanza, kabla ya kula. Asiye na shimo alikufa. Unamnyang'anya jembe, mzee? Unamwacha nje mabomu yakianguka. Mpe shimo lake, liwe la kwako, watu wasiingie."

Nilimpa kazi yule yule wa magogo. Tukachimba uani kwangu, tukaweka magogo pembeni, bati juu, na uzio wa miiba. Mdogo wangu alituelekeza bila kuinua sauti: hapa pandisheni, hapa pindeni kona. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Alasiri ya kwanza nilisimama mlangoni. Akienda shambani, kamba ya jumbe inamngoja, maana wale wa sururu walikuwa bado wapo. Baruti ikalia. Akaweka mizani chini, akatazama shamba, akatazama ua. Akageukia ua. Nilimfuata. Akashuka, kisha akaninyooshea mkono.

"Shuka, kaka. Usisimame hapo."

Nilishuka na koti langu la Jumapili. Tukakaa magoti yamegusana, nikasikia moyo wake unapiga begani kwangu, na wangu haukuwa nyuma.

Wachimbaji walipoona shamba halina mtu wala dhahabu, walitawanyika. Kamba ya jumbe haikuja, ingawa mpaka leo vikombe vikitetemeka huwa natazama uani kwanza. Nimelipia karanga za jirani, magogo, bati, matibabu ya yule kijana, mbuzi wa kumpoza jumbe, na chai yote ile ya bure: shilingi mia mbili na kumi na nne na senti hamsini.