Eda Iliyokataa Kwisha

Mimi ni Zainabu wa mtaa wa Cheyo, mshona kofia. Wanaonifahamu wanajua kwamba nikikaa barazani na sindano yangu, hakuna anayepita bila kutaniwa. Marehemu mume wangu Ramadhani, fundi baiskeli, alikuwa akisema mdomo wangu unashona haraka kuliko mikono. Nasimulia haya kwa ajili ya yule aliyeko ndani sasa hivi, anayedhani hakuna wa kumtoa.

Ramadhani alipofariki niliingia eda kama ilivyo desturi yetu: miezi minne na siku kumi ndani, bila manukato, bila hina. Nililia kama wajane wote. Lakini mwezi wa tatu machozi yalikauka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Usingizi ulikatika kabla ya alfajiri. Ugali nilitafuna tu, sikusikia ladha. Choo kilifunga siku nne, tano. Mgongo uliuma, kifua kikabana, hata kuinua birika la kutawadhia ikawa kazi. Sindano nilikuwa naishika, kisha naiweka.

Siku ya kutoka eda alikuja wifi yangu Mwajuma, dada yake marehemu, na hina na doti ya kanga mpya. Nilimwomba anipe siku tatu. Siku tatu zikawa wiki, wiki zikawa miezi.

Hapo tulikosea sote. Kwetu mjane anayekaa ndani husifiwa. Mwajuma aliutangazia mtaa kuwa kaka yake ameacha mke mwenye subira, si kama wale wanaotoka eda asubuhi na jioni wako sokoni. Majirani wakaja kunipongeza. Ningewaambiaje kwamba haikuwa subira, kwamba nilishindwa kufika mlangoni? Kila aliyenisifu alinifungia zaidi. Nilikaa kitandani nikiutazama ule mlango, hatua sita tu, nikijionea aibu. Nikaanza kumwomba Mungu nisiamke. Sikumwambia mtu, maana mwenye subira hasemi maneno kama hayo.

Binti yangu Rukia anaishi Nzega. Kwenye simu nilimjibu sijambo, basi. Alipokuja kwa Idi aliingia chumbani akanivua mtandio. Nywele zilikuwa zimegandamana bonge moja, na nilikuwa nanuka, nasema wazi. Alikaa chini akahesabu miezi kwa vidole, mkono mmoja ukaisha akaingia wa pili.

"Mama, eda imekwisha zamani. Nani amekufungia humu?"

"Hakuna mtu, mwanangu. Nashindwa kutoka."

Mwajuma alikuwa mlangoni, akayasikia. Akasema nifanyiwe kisomo. Rukia akajibu kwa adabu kwamba kisomo kifanyike, na hospitali pia twende. Alizikata zile nywele kwa mkasi, akaniogesha kama mtoto mchanga, tukaenda.

Daktari alikuwa msichana mdogo, aliniamkia shikamoo kabla hajakaa. Alisikiliza habari za mgongo na za choo, kisha akaniuliza bila kuzunguka, "Mama, huwa unawaza kufa?" Nikasema ndiyo. Yale machozi yaliyokauka yakarudi yote pale pale.

Aliniambia nina sonona. Nikabisha, nikasema huo ni ugonjwa wa wasomi. Alitabasamu. Akaeleza kwamba kwa kijana unaweza kuja kama hasira, kwa mzee kama maumivu ya mwili, na kwangu ulikuja umevaa eda, ndiyo maana hakuna aliyeutambua. Baadaye, kwenye vikao vya pamoja vya wagonjwa pale hospitali, nilikaa benchi moja na msichana wa sekondari aliyekuwa akigombana na kila mtu, mama mwenye kichanga asichotaka kukishika, na mzee mfugaji wa Igunga aliyekuja kwa kuumwa kiuno. Sote tulikuwa tunaumwa kitu kimoja.

Sikupona upesi. Vidonge vilinikausha mdomo, wiki za mwanzo nilitaka kuviacha. Mwajuma ndiye aliyekuwa akija kila asubuhi kunishika mkono: leo mpaka mlangoni, wiki ijayo mpaka barazani. Siku moja nilimwambia, "Wifi, ile hina yako imekauka, kalete nyingine." Alicheka mpaka akalia. Akaniomba radhi kwa zile sifa. Nilimsamehe, lakini kumtania sijaacha.

Namshukuru Mungu, na binti yangu aliyejua kuhesabu. Vidonge bado natumia, kofia nashona. Nawaomba ndugu zangu, hesabuni siku. Zikiisha na mtu hajatoka, msimsifu. Muulizeni, na akisema hawezi, mwaminini, mumpeleke kwa daktari.

Mwezi uliopita jirani yangu mjane alimaliza eda. Nilikuwa nimezihesabu siku zake zote. Asubuhi ile nilisimama mlangoni kwake na hina mkononi. Alichungulia, akaniomba nimpe siku tatu.

Nilivua viatu, nikaingia.