Grafu Niliyoichora Kama Fensi

Binti yangu aliniwekea sharti moja tu: tukiingia darasani, hatujuani.

Sikumlaumu. Alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne baada ya kuanguka mwaka uliotangulia, na hilo peke yake lilimtosha. Mimi niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikaolewa, nikafuga kuku Isinya, na sasa nilitaka cheti ili nisomee ualimu wa chekechea. Darasa la watahiniwa wa kibinafsi lililokuwa karibu nasi lilikuwa moja, hapo Kitengela, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Basi yeye alikaa na vijana wenzake, mimi nikakaa kando, na jioni kila mtu alishuka ngazi kivyake.

Siku moja mwalimu aliandika ubaoni y = (x + 2)(x − 1)(x − 3). Akasema tutafute grafu hiyo inakata mihimili wapi, kisha tuichore. Akaniita mimi.

Sehemu ya kwanza si ngumu, hata wewe utaiweza. Pale grafu inapoukata mhimili wa x, ule uliolala, y ni sifuri. Na namba zikizidishwa zikaleta sifuri, lazima mojawapo iwe sifuri. Kwa hiyo unaenda kwenye kila mabano unauliza: x iwe ngapi ndipo haya yawe sifuri? Ya kwanza yanakupa −2, ya pili 1, ya tatu 3. Mhimili wa y, ule uliosimama, unakatwa pale x ni sifuri: 2 mara −1 mara −3, unapata 6. Niliweka nukta zangu zote. Mwalimu akasema vizuri sana mama, sasa chora.

Nikachukua rula. Nimesimamia fensi nyingi maishani, na fensi haina mambo mengi: unatafuta bikoni, lile jiwe la mpaka wa shamba, unakaza waya mpaka bikoni inayofuata. Nilitoka −2 nikapanda mpaka 6, nikashuka mpaka 1. Kutoka 1 kwenda 3, mstari wangu ulilala juu ya mhimili wenyewe, ukapotea. Nikaukoleza kwa chaki ili uonekane.

"Mathe amepiga fensi mpaka kwa barabara," kijana mmoja akasema.

"Ngoja, sasa atatuuzia ploti," mwingine akajibu.

Darasa likacheka. Mwalimu naye alicheka kidogo kabla ya kujizuia. Nilipogeuka nilimwona binti yangu ameziba mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika. Hapo ndipo aibu iliponishika kweli. Mstari ungefutika. Lakini nilikuwa nimemfikisha mtoto wangu mahali pa kunicheka ili asijulikane kuwa ni wangu. Nikaamua kwamba nikiiweka hiyo chaki chini, sirudi tena.

Mwalimu akauliza nani atanisaidia: kati ya 1 na 3 kunatokea nini?

"Mum, weka mbili kwa x," binti yangu akasema, macho yakiwa kwenye dawati.

Yule kijana wa fensi akageuka. "Mum wa nani?"

"Wangu. Uko na swali?"

Kijana akarudi kwenye daftari lake. Niliweka mbili: 4 mara 1 mara −1, jibu −4. Kumbe grafu haifuati mhimili hapo. Inazama chini yake, inapinda, halafu inarudi juu kupitia 3. Nilifuta nikachora upya bila rula. Grafu yangu ikafanana na kamba ya nguo iliyolegea, ila ilipita kwenye nukta zote.

Ningependa kusema aibu iliishia hapo. Ilizidi, kwa kuwa sasa tuliibeba wawili, na yeye aliichukua kwa hiari yake kwa ajili yangu. Jioni tulishuka ngazi pamoja. Sikujua kama nimwambie asante au pole.

Tulipofika nje, akaniuliza kama nimeelewa kwa nini inazama pale.

Nilikuwa nimeelewa. Nikamwambia bado, nikiuonea haya huo uongo mdogo, naye akaanza kunieleza upya tukitembea.