Bibi Aliyetangaza Mwisho Kabla ya Mchezo

Sifa zote ni za Mola, ajuaye mwisho wa kila jambo kabla halijaanza. Jumatatu, mara baada ya sala ya Adhuhuri, mwajiri wangu alinipigia simu kuniambia kwamba mama yake amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kuwa hapa Doha mimi ni dereva wa familia, na siku za mapumziko hufundisha dini. Bibi huyo Mjerumani nilimwendesha miaka minne.

Alikuwa na ulimi wa pilipili. "Sheikh," alikuwa akiniambia kwa Kiingereza chake kilichonyooka, "unaendesha kama unasindikiza jeneza." Nami nikimjibu, "Haraka haina baraka, Mama." "Basi maiti wako atazeeka njiani!" Katika safari hizo, kutoka Al Rayyan hadi West Bay, ndipo aliponisimulia ujana wake. Vita vilipokwisha, mji wao ukiwa vifusi, alipata kazi redioni ya kuwatambulishia Wajerumani wenzake tamthilia za kale za Kiingereza. Hebu fikiri, kuwaletea watu michezo ya taifa lililowabomolea nyumba! Kabla ya kila mchezo alieleza hadithi yote, hata nani atakufa. Mkubwa wake akamfokea, "Unawaharibia utamu!" Naye akajibu, "Watu hawa wamekaa miaka wakingoja kujua nani atarudi. Tuwaambie mwisho kwanza, ndipo watulie wasikilize." Baadaye mama mmoja aliyepoteza wanawe alimwandikia kwamba, mbele ya redio ile, kwa mara ya kwanza alilia bila hofu.

Kisha bibi akaugua. Daktari alimwambia mwanawe kuwa hakuna tiba iliyobaki, na mwana akaniomba nisitamke neno. Siku moja tukitoka hospitali, bibi akaniuliza, "Sheikh, wewe ni mtu wa dini. Niambie mwisho wangu. Nina dada kwetu. Kama siku ni chache, nataka kwenda kumuaga." Nilikaza macho barabarani. "Utapona, Mama, inshaallah." Taa ikawa kijani. "Hata wewe," akasema, akageuzia uso dirishani. Hakunitania tena. Wiki tatu baadaye alikufa. Dada yake hakumwona.

Nasi wageni wa mji huu tumeuzoea uongo huu. Mzazi yu taabani nyumbani, kwenye simu tunaambiwa "anaendelea vizuri", hadi siku ya kuitwa mazishini. Tunauita huruma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulificha maradhi ya mwingine, na aliyeumbuka ni mimi. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba haki ya mja uliyemkosea husamehewa na mja huyo mwenyewe. Sasa nitamwomba nani? Nashukuru kwa kila nilichojaliwa, lakini kwa hili sioni mlango.

Ndugu yangu, anayekuuliza mwisho wake mwambie unachokijua, kisha ukae naye. Nawe unayesoma, Mola akujaalie mtu wa kukwambia kweli mapema, na muda wa kuwaaga uwapendao.