Mayai ya Mama Adelina na Mlango Ulioachwa Wazi

Aliyeyapoza mayai ya Mama Adelina wa Lipangalala ni mkuu wa kituo chetu cha mifugo, Ifakara. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu muda wote wa utumishi wangu nimesikia likisemwa vingine.

Niliajiriwa miaka ya hamsini, kijana nisiyejua hata kushika yai. Siku ya kwanza Bwana Mifugo, mwalimu wangu, alinionyesha kiangulio, yaani sanduku la mbao lililopashwa joto kwa taa ya mafuta ili mayai yaanguliwe bila kuku. Alinifundisha kuyageuza, kujaza maji kwenye sinia ili hewa isikauke, na kuliinua yai mbele ya mwanga mpaka nione mishipa yake.

"Unakiona kinachorukaruka? Ni moyo. Kuanzia leo wewe ndiye mama yake."

Sikucheka.

Mama Adelina alikuwa mjane. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimemfagilia kuku wote, akabaki na kikapu cha mayai alichotuletea kituoni, kila moja amelitia alama ya mkaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuku wangu alimdonoa kila aliyemsogelea. Hilo sanduku lenu linadonoa?"

"Halidonoi, mama. Nitalilinda mimi."

"Haya. Basi udonoe wewe."

Vifaranga walipokaribia kutoka, Bwana Mifugo akiwa safarini Chita, mkuu alileta wageni akaufungua mlango wa kiangulio wazi kabisa.

"Bwana mkubwa, joto linatoka," nilisema.

"Chai, kijana."

Niliporudi na birika, walikwisha kwenda mtoni. Mlango ulikuwa wazi, upepo umeizima taa, na mayai yalikuwa baridi kiganjani mwangu. Niliyafunga kwenye shuka langu nikakimbia Lipangalala.

Mama Adelina hakunigombeza. "Ulidonoa?"

"Nilidonoa, mama. Hakusikia."

"Ngozi ngumu hiyo," alisema, kisha akawaita jirani zake. Walikuja na matetea waliokuwa wakiatamia, wamewafunika kwa kanga wasishtuke, wakayaingiza mayai yale chini yao taratibu. Baadaye alilichukua moja akaniwekea sikioni. Ndani, kitu kililia. Nami nililia.

Si yote yaliyoanguliwa, ila waliotoka walitosha kumrudishia banda lake.

Kwenye baraza la wanakijiji, mkuu alitangaza kwamba mayai ya wenyeji ni dhaifu, na kwamba kituo hakitayapokea tena. Mama Adelina alisimama akafunua kikapu. Vifaranga wakapiga kelele. Mkuu aliamuru baraza lifungwe.

Nilihamishiwa Chita, kisha Mlimba, chini ya wakuu wengi. Kila mahali wakulima walirudishwa na mayai yao kwa maneno yaleyale. Nimestaafu, na mpaka leo siwezi kushika yai la moto bila kulipeleka sikioni.

Kwa hiyo naitaka rasmi ofisi iliyorithi kituo kile iitishe mkutano Lipangalala, iyafute maneno yale mbele ya wajukuu wa Mama Adelina, na itamke kwa sauti ni nani aliyeuacha mlango wazi.