Daktari Aliyesikiliza Risasi

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Ngara, miaka ya sabini, nikiwa kijana mwenye mabega mapana na yadi yangu ya vyuma chakavu. Mwanangu, usione maghala haya ukadhani nilirithi. Shule niliiacha mapema, lakini kwa vyuma nani angenifundisha? Shaba niliijua kwa mlio, madini ya risasi kwa uzito wake mkononi.

Mteja wangu mkubwa wa risasi alikuwa Daktari Mwanaisha, mama wa Pwani aliyeishi Loresho. Si daktari wa sindano. Yeye ndiye wa kwanza kwetu kusomea kiini cha atomu, kitu kisichoonekana chenye nguvu za kutisha, akarudi kufundisha chuoni wenzake wakibaki ng'ambo. Kwa risasi yangu alijenga kuta za maabara, za kuzuia miale. Na hakununua kabla ya kupitisha kijisanduku chake cha kupimia miale juu ya kila kipande, akisikiliza kama kinalia, maana risasi iliyochafuka kwa miale ingemharibia vipimo.

"Mgonjwa ana homa leo?" Otieno, fundi wangu, alizoea kumtania, naye humjibu:

"Bado. Lakini wewe nikikupima utalazwa."

Asubuhi hiyo nilikuwa na chungu cha risasi, kizito, kifuniko kimelegea. Aliyeniuzia alikiokota jalalani. Sisi watu wa vyuma tuna desturi: kilichofungwa hupasuliwa kabla hakijaingia ghalani, kwa sababu wauzaji hujaza mchanga kuongeza uzito. Basi nikashika nyundo. Daktari akaingia, na kijisanduku kikaanza kulia mfululizo, kama bisi zikipasuka sufuriani.

"Weka nyundo chini, kijana."

"Mama, hii yadi ni yangu."

"Yadi ni yako. Mikono pia ni yako, na hiyo haiuzwi sokoni Gikomba."

Otieno hakucheka. Wote walinitazama waone kama nitamwinamia mwanamke mbele ya wafanyakazi wangu. Nikainua nyundo. Yeye hakupaza sauti, alikuja tu akasimama kati yangu na chungu.

"Nimeishi na vitu hivi miaka mingi, na bado naviogopa," alisema. "Wewe umekijua tangu jana jioni."

Nikaishusha. Akatutoa sote barabarani, akasimama langoni na mwavuli wake mpaka wenzake wa chuoni walipokuja kukichukua. Baadaye akanieleza: kilichokuwa ndani, kitu cha kutoa miale, kingetuunguza bila moto, nyama ikioza tungali wazima.

Daktari ametangulia mbele ya haki. Wanafunzi wake ndio leo wanaotibu saratani kwa miale, na ndio wateja wangu. Nami nina kijisanduku langoni. Risasi haipiti bila kusikilizwa. Uliza mjini kote kama kuna yadi nyingine yenye hicho.

Mwanangu, jiamini. Bila kujiamini ningekuwa bado nasukuma mkokoteni. Lakini usilolijua ni usiku wa giza, na ukikutana na mwenye taa, usimkumbushe yadi ni ya nani. Mfuate kwanza, heshima yako utaikuta palepale ulipoiacha.

Mola akupe mikono yenye kazi, akupe na mtu wa kusimama mbele ya nyundo yako. Nawe zamu yako ikifika, akujalie ubavu wa kusimama hivyo kwa ajili ya mwingine.