Enda Upumzike

Msimamizi wetu alikuwa na sauti ya padri. Miaka ile ya tisini, katika kiwanda cha samaki kando ya ziwa pale Kisumu, kila mtu alipiga kelele kushinda mashine, lakini yeye alinong'ona. Siku alipoona tumbo langu limeanza kuinua aproni, alinivuta kando ya meza ya kukatia samaki wa mbuta, akaniambia, "Mama, enda upumzike."

Nilimshukuru. Nikamsifu njia nzima hadi nyumbani, mtaa wa Manyatta. Jirani yangu, muuza mandazi mwenye mdomo mkali, akaniuliza nitapumzika hadi lini. Nikamwambia hadi nijifungue.

"Amekuambia hivyo?"

Hapana, lakini si ndivyo inavyoeleweka? Akacheka hadi akakohoa. "Mimi wenye nimesikia wakipumzika ni maiti."

Nilijifungua msichana. Shingo yake ilipopata nguvu, nikamwacha kwa jirani yuleyule, nikaenda langoni na wenzangu asubuhi. Bawabu akanizuia kwa mkono.

"Mama, si wewe uko mapumziko?"

"Nimemaliza."

"Nani amekuambia umemaliza?"

Kwani mtu huambiwa na nani kwamba amemaliza kupumzika? Nilirudi kesho yake, na siku nyingine tena. Msimamizi alipopita alinisalimu vizuri, akauliza hali ya mtoto, akanisihi nisiharakishe. Nilitaka kumtukana, lakini utamtukanaje mtu anayekuulizia mtoto?

Nikaenda ofisi ya leba, ya serikali, inayosikiliza malalamiko ya wafanyakazi. Afisa alikuwa kijana mpole, kalamu tayari mkononi.

"Ulifutwa lini?"

"Sikufutwa."

"Basi uliacha mwenyewe."

"Sikuacha."

"Sasa uko kazini ama hauko?"

"Niko. Lakini siingii."

Akaiweka kalamu chini. Akanieleza kwamba sheria inampa mwanamke likizo ya kujifungua, kisha arudi kazini kwake. Lakini kesi yangu haikuwa na pa kuanzia, kwa sababu hakuna aliyenifukuza. Nilielewa kila neno na sikuelewa kitu. Niliona haya, kisha nikapandwa na hasira, na hiyo hasira yenyewe sikujua niipeleke kwa nani.

Basi nikarudi langoni kuomba nifukuzwe. Safari hii nilimbeba mtoto mgongoni, maana jirani alikuwa sokoni. Msimamizi alipotokea nikamwambia waziwazi, "Nifute kazi."

Alishtuka, na naapa alishtuka kwelikweli. "Mama! Nikufute kwa nini? Wewe hujakosa kitu."

Nyuma yake alisimama mwanamke wa meza yetu, gauni limembana tumboni, aproni ameikunja kwapani. Kumbe msimamizi alikuwa akimsindikiza nje. Akamgeukia, akamwambia kwa sauti ileile ya padri, "Haya, enda upumzike."

"Ero kamano, Bwana," mwenzangu akashukuru, mikono yote miwili kifuani. "Asante sana."

Nikamrukia, nikamshika mkono. "Usimshukuru! Rudi ndani! Mwambie akufukuze!"

Aliutoa mkono wake polepole. Akanitazama mimi, akamtazama mtoto mgongoni, na nikaona ananihurumia.

"Mama," akaniuliza, "kwani wewe walikunyima kupumzika?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Hawakuwa wameninyima.